Chupa ya Mafuta ya Baba Mkubwa

Wiki tatu baada ya kumzika baba, Nsia alinipigia simu kutoka Lemara akaniambia Kobe ananuka. Kobe ni gari. Ni gari dogo la zamani, rangi ya bluu iliyopauka, lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, na kwetu halijawahi kuitwa jina jingine. "Njoo na nguo za kuchafua," Nsia akasema. "Fundi anasema mafuta yamelala, tenki limwagwe lote kabla halijawashwa. Na sitaki afanye yeye. Tufanye wenyewe."

Nilipokata simu nilikuwa nimeshaisikia ile harufu, ingawa nilikuwa jikoni kwangu Sekei namenya ndizi. Petroli mpya ina ukali unaopanda puani mara moja ukaisha. Petroli iliyolala ina utamu wa uongo na uchachu kwa pamoja, inanuka kama vanishi iliyosahauliwa bila kifuniko, na haitoki mikononi hata unawe mara tatu. Nimeijua tangu nina miaka tisa, na kila nikiisikia nashikwa na wivu, wivu mzima mzima wa kitoto. Najua mtu wa umri wangu hatakiwi kusema hivyo, tena akiwa bado kwenye msiba. Lakini mimi ni mtu wa wivu tangu zamani, na ndugu zangu wote wanalijua hilo.

Nilirithi jina la bibi mzaa baba, Nsianaeli. Kwetu sisi Wameru, mtoto aliyerithi jina la bibi yake, baba haliiti jina hilo hovyo, maana atakuwa anamtaja mama yake mzazi kama anavyomtaja mwenzake wa kilabuni. Humwita Mama. Basi mimi nilikuwa Mama. Baba alifundisha hesabu shule ya msingi, na jioni akishaegemeza baiskeli kwenye mgomba aliita, "Mama!" kwa sauti ya kuvuta, nami nikatoka mbio, "Abee!" kwenda kumpokea madaftari. Mwalimu anayeogopwa na watoto wa mtaa mzima, na mimi ndiye mama yake. Nilikuwa mtoto wao wa pekee na sikuona sababu ya hali hiyo kubadilika.

Kisha Baba Mkubwa, kaka yake baba, akafariki baada ya kuugua muda mrefu. Aliishi Lemara na binti yake mmoja, ambaye mama yake alikuwa ameshatangulia siku nyingi. Huyo binti ndiye Nsia. Naye alikuwa amerithi jina la bibi yule yule, kwa kuwa kila ndugu alimpa jina la mama yao binti yake wa kwanza. Nililijua hilo, lakini Lemara ni upande mwingine wa mji, na kwa umbali ule halikunisumbua.

Walikuja siku moja, Nsia na gari. Kobe alikuwa hajawashwa tangu Baba Mkubwa alipolazwa, kwa hiyo alivutwa kwa kamba na pikapu ya jirani, akapandishwa kilima cha Sekei polepole huku watoto wakimkimbilia. Baba alikuwa ameshika usukani. Nsia alikuwa pembeni yake, kiti cha mbele, mikono juu ya mapaja, na begi la nguo miguuni. Mimi nilikuwa nimesimama getini na sweta langu la Jumapili nililovaa ili kumpokea. Sikuwa nimewahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote maishani mwangu.

Jioni ile baba aliita, "Mama!" Tukaitika wawili, kwa mpigo. Baba akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, ndiyo maana hakuna aliyeona kama kuna jambo baya limetokea. Akasema itabidi atuhesabu. Kwa kuwa Nsia alinizidi miezi minane, yeye akawa Mama wa Kwanza. Mimi, niliyezaliwa katika nyumba ile ile, nikawa Mama wa Pili. Mama yangu mzazi akanipiga begani akasema, "Haya bibie, umepata mke mwenza," wakacheka tena. Nilikula ugali wangu bila kuonja kitu.

Baada ya hapo kila Jumamosi mchana ilikuwa ni Kobe. Baba aliondoa turubai, akakunja mikono ya shati, na mtu aliyemwita kwanza alikuwa Nsia. "Mama wa Kwanza, baba yako alikuwa anapafunguaje hapa?" Nsia alijua. Alijua kwamba boneti ya mbele inataka kupigwa kiganja kabla ya kuvutwa. Alijua tairi la spea linalala wapi, na kwamba tenki liko nyuma yake, mbele ya gari. Mimi nilitaka kuchangia, nikasema basi injini itakuwa chini ya tenki. Magari yote niliyoyajua yalikuwa na injini mbele. Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya, lakini walicheka pamoja, na hilo pamoja ndilo lililoniuma.

Fundi Shabani alitoka Kaloleni kuja kutazama. Alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya kufuma. Aliingiza pua kwenye mdomo wa tenki, akaitoa haraka.

"Mwalimu, haya yameshalala, yamekuwa gundi," alisema. "Ukiwasha hivi hivi yanapanda kabureta, umeua injini. Mwaga yote. Suuza na mapya kidogo, mwaga tena. Halafu ndiyo uniite."

Siku ya kumwaga mafuta, mama yangu alizima moto jikoni tangu asubuhi na kupiga marufuku kiberiti uani. Tukala loshoro ya jana, imepoa, ndizi na maziwa ya mgando vimeshikana kijiko kinasimama. Nilikula nikijua kwamba tunashinda na chakula baridi kwa sababu ya gari la Nsia. Lakini nilikuwa nimejipanga. Nilivaa gauni langu bovu kuliko yote na kufunga kitambaa kichwani, ili baba akiangalia tu aone nani yuko tayari kwa kazi.

Baba akaangalia. Akasema, "Mama wa Kwanza, shika mpira. Mama wa Pili, angalia kuku wasisogee."

Kuku! Nikasimama kwenye kona ya banda na fimbo, natazama. Baba aliingiza ncha moja ya mpira kwenye tenki, akapiga goti, akanyonya ncha nyingine mpaka mafuta yakamfika mdomoni. Akatema, akakohoa, machozi yakamtoka. Nilitupa fimbo nikakimbilia jikoni kumletea maziwa, kwani kila mtu alijua mtu akimeza petroli anapewa maziwa. Nilipotoka na kikombe, Nsia alikuwa ameshamnawisha uso kwa maji ya kwenye kopo na baba anamwambia ahsante. Maziwa yale nikayanywa mwenyewe nyuma ya banda.

Mafuta yalitiririka kwenye ndoo yakiwa na rangi ya chai ya rangi, chai iliyokolea, na vipande vya kutu vikielea ndani. Yalitiririka muda mrefu. Ndoo ya kwanza ikajaa, ya pili ikaletwa. Baba akamtazama Nsia kwa mshangao. "Lilikuwa limejaa?"

"Alijaza siku moja kabla hajalazwa," Nsia alisema. "Alisema akitoka tunazunguka mlima. Tunapita Usa, tunaenda Ngare Nanyuki, tunatokea Oldonyo Sambu, tunarudi. Alisema Kobe hawezi kuishiwa njiani."

Baba akakaa juu ya tairi la spea. Mafuta yaliendelea kuanguka kwenye ndoo. "Mtu anayejua anakwenda kufa hajazi tenki," akasema hatimaye, kama anajiambia mwenyewe.

Fundi alikuwa ameagiza yamwagwe shimoni, mbali na mfereji. Baba alipoinua ndoo ya kwanza Nsia akamshika shati. "Baba Mdogo, yasimwagwe yote." Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Baba aliingia ndani akatoka na chupa ya dawa ya kikohozi, ya kioo, akaijaza, akachonga gunzi la mahindi likawa kizibo, akampa kwa mikono miwili. Mimi baba hakuwahi kunipa kitu kwa mikono miwili.

Kwa kuwa mama hakutaka petroli ndani, chupa iliwekwa juu ya boriti ya banda la kuku. Kila siku tukitoka shule, kabla hajavua sare, Nsia alipanda juu ya kinu, akaishusha, akatoa gunzi, akanusa, akarudisha. Mara moja tu, pumzi moja. Baba akimkuta hapo alipita taratibu, kama mtu anayepita mbele ya anayesali. Nilijaribu kuinusa na mimi, kichwa kikaniuma.

Halafu nikasikia baba akimwambia mama yangu barazani, "Kobe akiwaka, Jumapili ya kwanza nampeleka mtoto kwao Lemara. Ile nyumba isikae imefungwa namna ile." Nilikuwa nachambua mchele dirishani, nikayapanga mambo kwa akili ya miaka tisa. Nyumba iko Lemara, haina mtu. Nsia ni mtoto, hawezi kukaa peke yake. Anahitaji baba wa kukaa naye, na baba aliyepo ni mmoja. Niliona wazi kabisa kwamba baba yangu anatengeneza gari la kuhamia. Sikumuuliza mtu, kwa sababu niliogopa kujibiwa ndiyo.

Siafu walikuja katika wiki ile ile, baada ya mvua. Nsia alikuwa mazoezi ya kwaya, baba na mama wameenda kuhani kwa jirani. Nilisikia kuku wakipiga kelele, nikatoka, nikakuta mstari mweusi unapanda nguzo ya banda. Dawa ya siafu kwetu ilikuwa mafuta ya taa au jivu. Mafuta ya taa yalikuwepo jikoni, lita nzima, na jivu lilikuwa limejaa mafigani. Niliviona vyote viwili. Nikapanda juu ya kinu, nikashusha chupa ya Nsia, nikaimwaga yote kwenye nguzo mpaka tone la mwisho, na nilifurahi wakati naimwaga. Sitaki kujipamba: nilifurahi.

Baba aliporudi akakuta siafu wamekufa na kuku wazima. Akanishika kichwa. "Mama wa Pili ameokoa kuku wote!" aliwatangazia watu, na jirani aliyekuja naye akanisifu, na mimi nikasema nilitumia mafuta ya taa. Sifa ile niliyoitamani miezi yote ikawa imekuja.

Chupa tupu ilikuwa chini ya gauni langu. Bandani kulikuwa na dumu la petroli mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya Kobe, nikaichota nikajaza nusu. Lakini ilikuwa nyeupe kama maji. Kwa hiyo nikaenda kwenye birika la chai ya asubuhi, chai ya rangi iliyopoa, nikamalizia nayo. Nikatikisa. Ikawa na rangi nzuri, ile ile kabisa. Nikaziba gunzi na kuirudisha kwenye boriti, nikajiona mjanja kuliko watu wote wa Sekei.

Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba chai na petroli havikai pamoja. Asubuhi, tukiwa mezani, Nsia aliingia ameishika chupa kwa vidole viwili. Chini ilikuwa nyeusi, juu nyeupe, na katikati mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa rula.

"Baba Mdogo," alisema, "mafuta yamefanyaje?"

Baba akaipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hata mimi pale nilipokuwa nimekaa niliviona vijani viwili vitatu vya chai vikielea kwenye ule weusi, kwa sababu sikuchuja. Baba aliviangalia. Kisha akaangalia kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake. Kisha akaniangalia mimi, na nikajua amejua.

"Mafuta ya zamani ndivyo yalivyo," akasema. "Yakikaa sana yanajitenga." Akamrudishia Nsia chupa, akanywa chai yake.

Kwa miaka mingi niliihesabu ile kuwa siku njema. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumsamehe mtoto yeyote hata kosa la kujumlisha, alidanganya kwa ajili yangu. Kati yangu na Nsia alinichagua mimi. Nilitembea kwenda shule nikiwa mwepesi. Nsia hakuinusa tena chupa kuanzia siku ile, nikadhani ameichoka.

Kobe aliwaka. Jumapili tukaenda Lemara, Nsia kiti cha mbele na mimi nyuma na mama. Baba akafungua madirisha ya ile nyumba, akafagia, yeye na Nsia wakapalilia kaburi la Baba Mkubwa na kunyoosha masale yaliyopandwa pembeni yake, tukala maandazi tuliyobeba, na kabla jua halijazama tulikuwa tumerudi Sekei. Kumbe kumpeleka mtoto kwao kulikuwa ni huko tu. Nilikaa kiti cha nyuma njia nzima nikiangalia shingo ya baba, naona aibu isiyoweza kuelezwa kwa mtu.

Baba aliendesha Kobe mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Ndipo akamrudisha Lemara, kwa Nsia, aliyekuwa ameshajenga upya nyumba ya baba yake. Gari la baba yake, baba akasema, na mimi nikakubali kwa mdomo. Siku ya kulipeleka alilazimisha tupite kituo cha mafuta tujaze tenki. Tulimcheka: gari la kwenda kuegeshwa linajazwa la nini? Alisema akishafanyiwa upasuaji wa macho atatuzungusha mlima. Upasuaji uliahirishwa, ukaahirishwa tena, kisha moyo ukamsimama akiwa barazani kwake.

Nilipofika Lemara Jumamosi ile nilimkuta Nsia ameshafungua boneti. Ndoo mbili zilikuwa chini, mpira juu ya ndoo. Akanisalimu, akaingia ndani, akatoka na chupa ya dawa ya kikohozi yenye gunzi mdomoni. Nilifikiri ilishatupwa zamani.

"Petroli iliondoka yenyewe, gunzi halizuii kitu," alisema. "Chai nayo ikakauka. Haya ndiyo yaliyobaki." Akaitikisa karibu na sikio langu. Ndani kulikuwa na doa jeusi na majani makavu ya chai.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi ile ile. Nilikuwa na miaka kumi, sikuwa kipofu. Nani hajui majani ya chai?"

"Mbona hukusema?"

"Nilimpelekea Baba Mdogo ili aseme yeye." Alikuwa anafuta mdomo wa tenki kwa kitambaa, haniangalii. "Akasema aliyoyasema. Nikaona, huyu ana mtoto wake. Nikibishana naye nitampoteza na huyu pia. Nikanyamaza."

"Nsia, nilikuwa nakuonea wivu."

"Najua. Nani asiyejua? Na mimi nilikuwa nakuonea." Sasa aliniangalia. "Lakini mwenzangu ulikuwa na baba mzima, anakula mezani, anakohoa, anakuchapa. Ukaenda kuionea wivu chupa."

Nikamwomba msamaha. Nililia kidogo, yeye hakulia. Alisema tumalize kazi kabla jua halijawa kali, akaingiza mpira kwenye tenki. Nami, sijui ni miguu gani iliyonipeleka, nikajikuta nimerudi nyuma hatua kadhaa, nimesimama kando ya ukuta.

"Unalinda kuku?" Nsia akauliza. Hana kuku.

Harufu ilikuwa imeshatoka, ile ya utamu na uchachu. Niliwaza kwamba mafuta yale baba aliyajaza kwa mikono yake, kwa safari aliyodhani ataifanya, na ndoo mbili zikijaa yatakwenda shimoni. Nikasema kabla sijajizuia, "Nsia, yasimwagwe yote."

Alisimama akiwa ameshika mpira. Nilidhani atacheka, na angekuwa na haki. Aliichukua ile chupa, akatoa gunzi, akaigonga kwenye kiganja mpaka majani yote ya chai yakaanguka, akaipangusa mdomo kwa upindo wa khanga yake. Kisha akanipa, kwa mikono miwili.

Tangu tumzike baba hakuna mtu aliyekuwa ameniita lile jina, na nilikuwa nimeshakubali kwamba limekwenda naye.

"Shika mpira, Mama," Nsia akasema.

Hakunihesabu. Nikasogea, nikaushika.